Shikamoo kwa Kila Kivuli

Siku niliyomwamkia mbuzi, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa. Nilikuwa darasa la tatu, tunatoka shule, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, kama kawaida yake huku kwetu juu ya Mlalo miezi ya baridi. Mbele yangu nikaona kitu kimesimama pembeni mwa njia, kirefu kiasi, kimeinama kidogo, cheupe juu na cheusi chini. Nikajua ni mzee. Nikasogea kando kumpisha, nikasema, "Shikamoo babu." Mzee hakuitikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, maana wazee wengine masikio yao ni mazito. Ndipo mzee wangu alipoteremsha miguu yake ya mbele chini, akanigeukia na majani mdomoni. Lilikuwa beberu la jirani, lilikuwa limesimamia miguu ya nyuma likila ua wa watu.

Wenzangu waliokuwa wakinifuata walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini kwenye tope. Tangu siku ile jina langu la Zubeda likafa. Niliitwa Shikamoo shuleni, nikaitwa Shikamoo kisimani, na hata leo, wenzangu wachache waliobaki hai wakinikuta sokoni huniita hivyo, wakitaka kuniona nikicheka. Nami huwachekea, kwa sababu mtu mzima hanuni kwa mzaha wa utotoni. Lakini nakwambia wewe usiyenijua: sijawahi kuuona utamu wa mzaha ule.

Sikiliza nilivyofika mahali pa kumwamkia mnyama. Huku milimani salamu si jambo la kupita. Mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake, na anayelaumiwa si mtoto bali mama aliyemlea. Tena watu wetu huonana kutoka mbali. Mtu yuko mteremko wa huku analima, mwenzake yuko mteremko wa kule, katikati pana bonde zima, na wanajuana kwa mwendo, kwa rangi ya kanga, kwa namna mtu anavyoinua jembe. Mimi nilikuwa sioni mteremko wa kule. Sikujua kwamba sioni, kwa sababu sikuwahi kuona. Nilidhani kila mtu anaona kijani kilichochanganyika na ukungu, na kwamba wenzangu wana uganga fulani wa kujua nani yuko ndani yake.

Basi nikawa napita watu. Nampita shangazi yangu kama nampita mti. Mama akaletewa maneno kwamba bintiye ana kiburi, kwamba anajiona, kwamba pengine kuna kitu amefundishwa nyumbani kuhusu ukoo fulani. Mama yangu alikuwa mpole, lakini maneno ya watu yalimwingia. Alinichapa mara ya kwanza kwa kutomwamkia mke wa mwenye duka, akanichapa tena kwa ajili ya mjomba wake mwenyewe, na baada ya hapo mimi nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Nikaona kwamba kuamkia asiyestahili ni kuchekwa, na kutomwamkia anayestahili ni fimbo. Nikachagua kuchekwa. Chochote kilichosimama wima nilikiamkia. Nimeamkia watoto wa darasa la kwanza, nimeamkia kisiki, nimeamkia gunia la kabichi lililoegemezwa ukingoni likisubiri gari.

Na kuna jambo jingine, dogo, ambalo nataka ulishike kwa sababu nitalirudia. Jioni za siku ya soko, watoto wote wa kitongoji chetu walikaa kwenye ukuta wa mawe wakiwasubiri mama zao. Akitokea mmoja kwenye kona ya chini, mtoto wake alimjua papo hapo, akaruka na kukimbia kumpokea mzigo. Mimi sikuwahi kukimbia. Nilikaa mpaka nisikie sauti ya mama karibu yangu, ndipo niinuke. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba mtoto huyu hana uchungu naye. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Aliyenitambua alikuwa Bibi Namkunda, dada wa baba yake baba, mwanamke mkali aliyekuwa na jino moja la mbele na hakumwogopa mtu. Alikuwa amesikia habari ya beberu kama kijiji kizima, lakini yeye hakucheka. Alikuja asubuhi, ukungu umefunguka, jua limewaka kwenye mteremko wa kule. Akanikamata mabega, akanigeuza niangalie ng'ambo, akauliza naona nini. Mdogo wangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikuwa pale pale akaanza kutaja: mama fulani ameanika kanga nyekundu, kuna moshi jikoni kwa fulani, kuna ng'ombe wawili. Bibi akamwambia anyamaze, akaniuliza tena.

"Naona mlima," nikasema.

Akaniachia mabega. Kisha akamgeukia mama yangu, akaanza kumsema kwa Kishambaa kile kizito cha wazee, ambacho hakina mlango wa kutokea. Alimwambia kwamba anamchapa mtoto kwa kosa la macho, na kwamba fimbo haijawahi kumwonyesha mtu njia. Mama alilia. Halafu bibi akaniinamia mimi, na maneno haya nimeyabeba maisha yangu yote.

"Usimwamkie mtu kwa woga. Shikamoo ni ya heshima. Usipoona, sema sioni. Anayesema sioni ataonyeshwa, na anayejifanya anaona ataachwa gizani."

Ningependa kukwambia kwamba mambo yalinyooka kuanzia siku ile. Bibi Namkunda alimwambia baba anipeleke hospitali nikapimwe. Baba akasema katika ukoo wake hakuna kipofu na hatakuwa wa kwanza kumtangaza. Akasema miwani inaua macho, mtu akianza kuivaa hawezi kuiacha. Akauliza ni nani atakayemwoa msichana mwenye vioo usoni. Bibi akarudi kumwambia tena, na tena, mpaka alipofariki mvua za mwaka uliofuata, na baada yake hakuna aliyekuwa na ukali wa kutosha. Shuleni niliambiwa ni mzito. Nilikuwa nasoma ubaoni kwa masikio, nikisubiri mwenzangu asome kwa sauti. Darasa la saba nikafeli, na hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

Nikaolewa na mwanamume aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Bulwa, Usambara ya Mashariki, nami nikaenda kuchuma. Kazi ya chai ilinifaa. Jani unalolitafuta liko karibu na kifua chako, na vidole vikishazoea, vinajua chipukizi bila kusubiri macho. Huko ndiko daktari aliyekuwa akipita mashambani aliponipima kwa mara ya kwanza, nikiwa tayari mwanamke mzima. Akaniandikia miwani. Miwani ikanirudishia nusu ya dunia, nikaona kwamba miti ina majani hata ukiitazama kwa mbali. Nusu nyingine, alisema, imepita wakati wake. Akasema ningeletwa nikiwa mdogo. Alisema kwa upole sana, na mimi nilitamani asingesema.

Nilipojifungua watoto niliwapima mwenyewe, mmoja mmoja, kwa namna ya Bibi Namkunda. Nilimsimamisha mtoto mlangoni, nikamuuliza anaona nini kwenye mashamba ya mbali. Wote waliona. Hamisi, kitinda mimba wangu, aliweza kukwambia ndege ametua mti gani. Nikashukuru. Nikasema ugonjwa ule umeishia kwangu, nitazikwa nao.

Hamisi alipokua alirudi Mlalo kulima kwenye shamba la babu yake, akaoa binti wa huku anayeitwa Rukia, wakapata mtoto wa kike, Zaina. Mimi nilibaki Bulwa na mume wangu aliyekuwa mgonjwa wa muda mrefu, na kutoka kule hadi huku ni safari ya kushuka mlima mmoja na kupanda mwingine. Zaina nilimwona akiwa mchanga, mgongoni kwa mama yake. Baada ya hapo nilimjua kwa simu. Na kila nilipopiga simu, mwanangu, nilisikia sifa. Rukia aliniambia kwamba katika zama hizi ambazo watoto wanawapita wazee wakitazama pembeni, Zaina anaamkia kila mtu. Wazee wanasimama njiani kumbariki. Mwalimu wake amemtolea mfano mbele ya darasa. Majirani wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wanamuuliza Rukia amemlea vipi.

Nilifurahi. Mimi, niliyeitwa Shikamoo, nilisikia kwamba mtoto wa mwanangu anaamkia kila mtu, nikakata simu nikicheka kwa furaha, nikamhadithia babu yake kitandani. Hata siku moja haikunijia akilini. Zamani walitazama upofu wakaona kiburi. Safari hii walitazama upofu wakaona adabu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mume wangu alipofariki, Hamisi akasema siwezi kubaki kule peke yangu, akanitaka nirudi nyumbani. Nilifika Mlalo alasiri, bodaboda akaniteremsha kwenye kona ya chini, ile ile, nikapanda kwa miguu yeye akinifuata na mabegi yangu mabegani. Ukuta wa mawe upo mpaka leo. Watoto walikuwa wamekaa juu yake, na nikiwa bado mbali niliona kwa miwani yangu wakinyanyuka, maana walikuwa wameambiwa bibi wa Zaina anakuja leo. Watoto wa jirani, ambao hawajawahi kuniona, ndio waliokimbia kunipokea. Mmoja alibaki ukutani, ametulia, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza. Nilipofika hatua chache mbele yake, alishuka, akaunganisha mikono, akasema kwa sauti nzuri iliyofunzwa, "Shikamoo." Nikaitikia. Kisha akayageukia mabegi yangu, ambayo bodaboda alikuwa ameyapanga moja juu ya jingine kando ya njia, akayaambia, "Shikamoo."

Watoto wakaangalia chini wakiminya midomo. Bodaboda akacheka na kusema mtoto ana adabu huyu mpaka kwa mizigo. Mimi nikakaa juu ya ukuta, na Rukia aliyekuja mbio alidhani ni uchovu wa safari. Zaina alikuwa na umri wa miaka tisa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa amesimama mbele yangu na sweta ya shule, akijaribu kukisia uso wangu uko wapi.

Sikusubiri hata nioge. Nilimwambia Hamisi jioni ile ile kwamba mtoto haoni. Akacheka, akasema mama umechoka, huyu anatazama simu yangu kila siku. Nikamuuliza anaitazama akiwa ameishika wapi. Rukia akajibu badala yake, kwa sauti ndogo, kwamba anaishika usoni. Hamisi akasema shuleni walishapimwa, walikuja watu na bango, Zaina akafaulu. Nikamwita Zaina nikamuuliza alifaulu vipi. Akanieleza bila kuficha, kama anayeeleza mchezo: walipangwa mstari mlangoni, kila mtoto alikuwa anataja kwa sauti, juu, chini, kulia, kushoto, na yeye alikuwa karibu mwisho wa mstari. Kufika zamu yake alikuwa ameshaushika wimbo wote. Mtoto asiyeona ana masikio, mwanangu. Mimi niliimaliza shule ya msingi kwa masikio.

Hamisi hakutaka kuamini, na nilielewa kwa nini. Akiamini leo, itambidi aamini na jana na juzi na miaka yote aliyokuwa akipongezwa. Akatafuta maneno, na aliyoyapata yalikuwa ya babu yake, ambaye hakumjua vizuri: kwamba miwani inaua macho. Niliyasikia yakitoka kinywani mwa mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikashikwa na hasira ambayo sikujua bado ninayo. Nikamwambia anitazame usoni aseme kama miwani hii ndiyo iliyoniua macho au ni maneno hayo.

Tukaenda hospitali ya Lushoto, mimi, Hamisi na Zaina. Nitakueleza anavyopimwa mtoto, ili usije ukadanganywa na bango lililosomwa kwa kelele. Mama mmoja, mtaalamu wa macho, alimwingiza Zaina peke yake na sisi wawili tu, mlango ukafungwa. Mwisho wa chumba kulikuwa na bango lenye alama kama kitana chenye meno matatu, juu kubwa, zikishuka zinazidi kuwa ndogo. Meno yanaangalia juu, au chini, au pembeni, na mtoto anaonyesha kwa vidole vyake yanakoangalia, hivyo hata asiyejua kusoma anapimika. Kwanza akamziba jicho la kushoto kwa kigae cha plastiki, akahakikisha hachungulii. Kwa jicho la kulia Zaina alionyesha mstari wa juu, na wa pili kwa kusitasita, kisha vidole vikaanza kubahatisha. Yule mama akageuza bango lingine lenye mpangilio tofauti, na bahati ikamwishia.

Kisha akamziba jicho la kulia. Zaina akainua vidole tena. Akaambiwa aonyeshe lile kubwa kabisa, la juu. Vidole vyake vilikaa hewani, havikuelekea popote. Hamisi hakuweza kuvumilia. Aliinuka kwenye kiti, akaenda mbele, akasimama kando ya bango, nadhani alitaka kumwonyesha kwa mkono wake, baba anayemsaidia mtoto hesabu. Zaina aliona kitu kimetokea mbele yake, kirefu, kimesimama wima. Akaunganisha mikono, kigae kikiwa bado machoni, akasema:

"Shikamoo."

Alikuwa amemwamkia baba yake aliyekuja naye, aliyemshika mkono njia nzima. Hamisi alimgeukia. Halafu akasema, "Marahaba, mama." Zaina akashtuka kuijua sauti ile.

Walimtia matone ya kutanua mboni, tukasubiri kwenye benchi, wakammulika ndani ya macho, wakamvisha fremu nzito ya kubadilishia vioo na kujaribu kimoja baada ya kingine. Baadaye yule mama wa macho akatuketisha. Akasema jicho halizaliwi likijua kuona. Linajifunza, kama ulimi unavyojifunza kusema, na darasa lake ni miaka ya utotoni. Kama miaka ile yote kinachofika kichwani ni ukungu, kichwa huzoea ukungu, na ukija baadaye kumpa mtoto vioo safi, picha inafika lakini kichwa hakijui kuisoma. Jicho la kulia miwani italisaidia kiasi. La kushoto wamelichelewa. Tutaliziba la kulia saa chache kila siku ili kulilazimisha la kushoto lifanye kazi, na huenda tukapata kidogo, lakini hawezi kutuahidi. Akauliza kama kuna mtu katika ukoo mwenye shida hii. Hamisi akaangalia sakafu. Mimi nikavua miwani yangu nikaiweka mezani.

"Angeletwa akiwa na miaka mitatu, minne," yule mama akasema kwa upole sana.

Ni upole ule ule, mwanangu. Baada ya maisha yangu yote, barabara zimepita, umeme umefika, watu wana simu za kuonana uso kwa uso na ndugu walio ng'ambo, na mimi nimekaa kwenye kiti cha hospitali nikiambiwa sentensi ile ile, kwa mtoto mwingine.

Miwani ilikuja baada ya majuma kadhaa. Siku ya kwanza kuivaa, Zaina alitoka kwenda bombani na ndoo yake, nami nilikaa kizingitini nikimsubiri, na sitaficha kwamba nilikuwa na matumaini. Nilikumbuka nilivyoona majani ya mti mara ya kwanza. Alirudi mapema, ndoo haijajaa. Akakaa karibu yangu. Hakuzungumza habari ya majani.

"Bibi," akasema, "kumbe walikuwa wanacheka?"

Miaka yote alikuwa akiwaamkia wenzake, na watoto wa darasa la chini, na visiki, na wao walikuwa wakicheka bila kutoa sauti, na uso usioonekana haucheki. Miwani ikampa nyuso. Kitu cha kwanza ilichomwonyesha duniani ni hicho. Akaivua, akaifuta kwa sweta, akaitia mfukoni, na tangu siku ile anaivaa ndani tu. Akitoka njiani anaivua. Ukikaa ukumbini kwetu asubuhi utamsikia akishuka kwenda shule, shikamoo, shikamoo, mpaka sauti inapotelea kwenye kona. Wazee bado wanambariki.

Jioni namziba jicho lake zuri. Analia kidogo, kisha anazoea. Nimempa kazi ya kuchambua maharage karibu na jiko, kwa lile jicho moja, maana nilikumbuka chai ilivyonifundisha. Anayainua moja moja hadi puani. Mengi mabovu yanampita, na vijiwe vinampita. Tukila, Hamisi hung'ata jiwe, naona taya lake linasimama. Analitema pole pole kiganjani, anaendelea kula. Sijui kama tunapata kidogo alichokisema yule mama wa macho. Wiki nyingine naona vijiwe vimepungua. Wiki nyingine viko vile vile.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Naheshimu wahenga, lakini aliyesema hilo nadhani alikuwa anaona. Hakuwahi kukaa na mtoto wa miaka tisa ambaye vyote viwili vinakufa pamoja.

Basi sikia, mwanangu, wewe ambaye bado una mtoto mgongoni. Usingoje akue. Mtoto anayeshika kitu hadi puani, anayeinamisha kichwa upande ili atazame, ambaye jicho lake moja linakwenda njia yake, anayejikwaa penye njia nyeupe, huyo usimchape na usimpongeze, mpeleke. Na asiye na dalili yoyote mpeleke pia kabla hajaanza shule, maana jicho moja zima humfichia siri jicho bovu. Apimwe peke yake, jicho moja moja, mahali asipowasikia wenzake. Kama kwenu kuna bibi mwenye vioo vizito au mjomba mwenye makengeza, mtaje kwa daktari bila aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya yetu hayasubiri hata kifo, yanamuumbua mjukuu. Ukiambiwa miwani inaua macho, njoo unitazame mimi. Ukiambiwa mtoto wako ana adabu kupita watoto wote, furahi, kisha msimamishe mlangoni asubuhi jua likiwaka, umuulize anaona nini mteremko wa kule. Akikujibu anaona mlima, mwanangu, usilale siku ya pili.

Na mfundishe neno la Bibi Namkunda, ambalo mimi nililisikia nikaogopa kulitumia, na Zaina hakuna aliyemfundisha kwa wakati. Mfundishe kusema sioni.

Sina mengine. Nimezeeka, na baraka zangu si nyingi, lakini nilizonazo nakupa. Mungu akupe riziki na afya. Na jioni ya siku ya soko, ukitokea kwenye kona ya chini na mzigo wako kichwani, akujalie mtoto atakayekuona ukiwa bado mbali, akujue kuwa ni wewe, aruke ukutani, aje mbio.

Amina.